Njia ya Baiskeli Anayopita Zaina

Dada yangu Mama Zaina,

Shikamoo. Najua huko uliko huitiki, ila nikianza bila hiyo nitajiona sina adabu.

Unakumbuka nilivyokupakia kwenye baiskeli ya baba kutoka Misima mpaka Korogwe, na kuku umewakumbatia? Mteremkoni nikalipita basi, abiria wakatoa vichwa madirishani kunishangilia. Wewe ukawa unawaambia watu: "Basi lenyewe lilikuwa na pancha, abiria wako chini wanakula miwa!" Lilikuwa linatembea, dada. Nasema tena, lilikuwa linatembea.

Mengi nimesimulia maishani, hata la chatu niliyemfunga fundo. La woga sijawahi. Leo naogopa.

Zaina wako siku hizi anashona nguo sokoni. Kila asubuhi anapita na baiskeli, mjukuu wako mgongoni, kwenye ile njia ya baiskeli iliyotengwa kando ya barabara kuu. Sasa serikali inaiondoa, magari yapate nafasi. Mawe ya pembeni yameshapigwa alama nyekundu. Yakishang'olewa, malori ya Arusha yatampita mwanao kiwiko kwa kiwiko.

Nasi Wazigua unatujua, mwenye mtoto wa dada ni mjomba. Siku tulipokuzika wazee walinikalisha mkekani na Zaina mbele yangu. "Huyu akiumia, tutakuuliza wewe."

Nilikwenda kwenye mkutano wao wa barabara. Afisa akasema, "Mzee wangu, baiskeli ni chache, magari ndiyo mengi." Mimi, ambaye darasa la nne tu lilinitosha kumshinda yeyote kwa maneno, nikaweza hili tu: "Mheshimiwa, kwenye hizo chache yumo mwanangu." Afisa akasema ametusikia, akaingia kwenye gari lake.

Ndiyo maana nakuandikia hadharani, na wao wasome. Nanyi wakubwa, panueni barabara upande mwingine, hiyo njia iacheni. Hata wakulima wa Kwashemshi wakiteremsha mboga kwa baiskeli wanapita hapohapo.

Nilimwambia Zaina aache baiskeli. Akacheka kama wewe: "Mjomba, wateja watanifuata nyumbani? Nitapita hivyohivyo."

Basi nimeitia upepo baiskeli yangu. Siku wakiyang'oa yale mawe, nitakwenda naye sambamba, mimi upande wa malori. Niombee, dada.

Mdogo wako,
mjomba wa Zaina