Kumwomba Mzee Kichwa Chake

Braamfontein, Johannesburg

Kwako Baba yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila baridi ya huku inaniuma mpaka kwenye meno. Wewe u hali gani? Na Mama, kifua kimeachia? Kwenye simu kila mtu husema "salama tu" na salio likaisha, ndiyo maana barua hii nimempa dada mmoja anayerudi Korogwe, nipate kusema kwa kirefu.

Najua bado unanung'unika juu ya masomo yangu: daktari gani huyo wa viungo, asiye na sindano wala vidonge, anatibu kwa mikono mitupu? Baba, ungemwona mwalimu wetu, Mama Nomsa, ungenyamaza. Anaweka kiganja mgongoni mwa mtu, anafumba macho, kisha anauliza, "Uliwahi kuanguka ukaumia nyonga hii?" Na kweli, mgonjwa aliwahi kuanguka. Sisi anatufundisha kwa unywele. Anauficha chini ya ukurasa wa kitabu tuutafute kwa vidole, kisha anaongeza ukurasa, na mwingine tena. Mwanzoni nilidhani anatutania, maana mimi niliambulia karatasi tu. Yeye anaupata kila mara, tena huku anapiga soga. Nampenda mama huyu, sikufichi.

Basi wiki iliyopita tulikuwa na mtihani wa vitendo. Anayefaulu anaruhusiwa kutibu wagonjwa, anayeshindwa anarudia mwaka. Nikapewa mzee Mkongomani, fundi cherehani wa Rosettenville, shingo imemkaza kwa kuinamia nguo za watu. Nikamwamkia, akalala chali kitandani. Kilichobaki kilikuwa kumshika kichwa na kukigeuza taratibu.

Baba, mikono ilinigoma. Zile mvi niliziona kama zako. Kwetu ni mtoto gani anamshika mzee kichwa? Hata kofia yako nilikuwa nakupa kwa mikono miwili. Nikasimama tu kama mgeni aliyekosa kiti, na watahini wakaanza kuandika. Walidhani sijui kitu. Niliogopa sana.

Mama Nomsa, aliyekuwa mmoja wao, akasogea. "Eish, Zawadi, shingo unaijua. Unaogopa nini?"

Nikamweleza. Hakucheka, wala hakunionea huruma. "Usiniambie mimi," akasema. "Mwambie yeye."

Nikapiga magoti kando ya kitanda. "Mzee wangu, naomba ruhusa nikushike kichwa."

"Oo, mama! Shika tu, mtoto yangu. Leo kichwa iko ya kwako. Lakini utanirudishia!"

Nikakishika. Kilikuwa kizito kuliko nilivyotegemea. Shingo ikalegea kidogo kidogo viganjani mwangu, mpaka mzee akaanza kukoroma mbele ya watahini. Nimefaulu, Baba! Na tangu siku ile Mama Nomsa anawaagiza wanafunzi wote waombe kichwa kabla ya kukishika. Mwalimu mwenye mikono ile, na bado anajifunza kwetu.

Msalimie Mama, na shangazi muuza vitenge, asichoke kuniombea dua. Kaka Hamisi na baiskeli zake mwambie huku taa za kuongozea magari zinaitwa roboti, acheke mpaka achoke.

Nami nina ombi. Nikija likizo nitakuamkia, nitapiga magoti, kisha nitakuomba kichwa chako. Changu ulikishika kila nilipougua, hukuniomba ruhusa hata siku moja. Usininyime, Baba.

Ni mimi binti yako,
Zawadi