Ghala la Pamba na Meza Yenye Mgongo

Tabora,
Ijumaa, baada ya sala.

Mdogo wangu Seif,

Naanza kwa kukuomba radhi, na salamu zifuate nyuma, maana mtu aliyenyamaza muda mrefu hivi hana haki ya kuuliza hali za watu kana kwamba aliondoka jana. Barua zako mbili zilinifikia salama. Sikuwa mgonjwa, wala sikukosa karatasi. Nilikosa jibu, nami sikupenda kukupelekea maneno matupu. Sasa nakuuliza: u hali gani? Mguu wa mama umepoa? Mto umewapa mpunga mwaka huu, au umeuchukua?

Sisi hapa tu wazima. Shemeji yako Nyamizi anakusalimu, ingawa anasema wewe humtaji katika barua zako ila mwishoni, pembeni, mahali palipobaki.

Umeniandikia kwamba mwana wa Bwana Premji anataka kulipangisha ghala la pamba la hapo Kibiti kwa wauza boriti wa Nyamisati, lakini mzee mwenyewe yu tayari kuwaachia vijana moja kwa moja, liwe nyumba ya klabu yao ya mpira wa meza. Sharti lake ni moja: awepo mtu mzima wa kuwasimamia, naye amenitaja mimi, niliyeianzisha klabu hiyo nilipokuwa mwalimu hapo. Nisiporudi kabla ya msimu wa pamba, boriti zitaingia na meza itatoka. Nimekuelewa vizuri. Hukuwa na haja ya kupigia mstari.

Utumishi wangu umefika ukingoni. Mkuu wa shule ameniambia naweza kupumzika au kuendelea kufundisha, nichague mwenyewe. Jioni nawafundisha vijana mchezo huo huo katika ukumbi uliojengwa na serikali. Meza yao ni sawa kama maji ya mtungini. Vibao vyao vimevikwa mpira, vimetoka Ulaya. Nikisema, “Inua kiwiko,” wanainua. Nikisema, “Miguu,” wanasogeza. Ni watoto wazuri. Lakini kimpira kikianza kugonga ubao, masikio yangu hayakai Tabora.

Wewe ulikuwa safarini Mafia siku meza yetu ilipoletwa, kwa hiyo pengine hukuisikia habari yake yote. Hatukuwa na seremala wa meza. Tulimwomba fundi Makame wa Nyamisati, ambaye maisha yake yote alikuwa akiunda mashua. Nikampa vipimo, akavikubali. Meza ilipofika juu ya lori nikaona katikati imeinuka kidogo, imeteremka pande zote.

“Fundi, mbona ina mgongo?”

“Maji yasituame juu yake, Mwalimu.”

“Maji ya wapi, na meza itakaa ndani?”

Akanitazama kwa huruma. “Kitu cha mbao hakijui kesho kitalala wapi.”

Watoto wakaipa jina la Kobe siku ile ile. Kimpira kikiangukia mgongoni kiliruka upande usioutarajia, nao wakajifunza kukingoja huko huko. Shamte ndiye aliyewapita wote. Alikuwa ametoka Ngarambe, amekulia katika dungu la shambani akiamia ndege kwa kombeo, na kifundo cha mkono wake kilikuwa chepesi mno. Nilitaka anyooshe mkono kama kitabu kilivyosema. Akanyoosha siku moja kwa heshima yangu, akafungwa na kila mtu, nikamwambia arudie mkono wake.

Unazikumbuka sheria zangu. Kumsalimu mwenzako kabla ya kushika kibao. Anayebishia alama anakaa nje. Matusi hayana nafasi, hata ya Kindengereko, maana nayajua. Nyuzi za pamba zilikuwa zikielea hewani mpaka tunapiga chafya katikati ya mchezo. Kimpira kikibonyea, tulikipeleka kwa Bi Mwanaidi, muuza vitumbua wa mlangoni, tukakichovya katika maji yake ya moto kikajaa tena. “Leteni, leteni,” alikuwa akisema, “nimekuwa mpishi wa mayai yasiyoliwa!”

Makarani wa boma la Utete walipokuja kucheza nasi, walishindwa wote, na Bi Mwanaidi akawapigia kigelegele cha kejeli: “Shule yote hiyo, mmeshindwa na kobe?” Mwezi uliofuata tukaenda sisi kwao, kwenye meza iliyonyooka, na vijana wangu wakafungwa mmoja baada ya mwingine. Njiani kurudi Shamte akanigeukia: “Mwalimu, meza yao mbovu. Haina mgongo.” Seif, nilikuwa nimekusudia kuwakaripia kwa uzembe. Nilicheka hadi dereva akasimamisha lori akidhani pana mtu amezimia.

Hayo ndiyo yanayonivuta. Nakwambia ili usidhani nimesahau.

Juzi nilimsomea Nyamizi barua yako ya pili. Alikuwa anachambua karanga. Akaniuliza, “Ukienda Kibiti, utawakuta watoto wale?”

“Wale sasa ni watu wazima, wana nyumba zao.”

“Basi unakwenda kumfundisha nani?”

“Watoto wao.”

“Na hawa wa hapa, Baba Zuhura, ni watoto wa nani?”

Nikainama kumsaidia kuchambua karanga, naye hakunisukuma. Baadaye alisema kwamba hakatai Kibiti, ila mama yake wa Uyui amebaki peke yake na haoni vizuri, na hawezi kumwacha bila kukaa naye na kusemezana. Amesafiri leo asubuhi. Aliponiaga alisema, “Usimwandikie Seif jibu langu kabla sijalitoa.” Nami silitoi.

Basi nisalimie mama, umwambie mchango wa dawa yake ya mguu utaletwa na kijana wa reli anayekuja likizo. Nisalimie mkeo, na shangazi yetu wa Mbwara, na mjane wa fundi Makame ukifika Nyamisati. Shamte mwambie asikubali watoto wacheze kamari juu ya meza ile. Nimesikia.

Kwa Bwana Premji nenda mwenyewe, usitume mtoto. Mwombe kwa adabu amzuie mwanawe mpaka pamba ya kwanza ianze kuchumwa, wala usimwahidi kwamba nakuja. Nyamizi akirudi kutoka Uyui tutakaa na kuamua, na siku tutakayoamua nitakuandikia, hata kama ni neno usilolipenda.

Ni mimi kaka yako,
Abdallah