Sheshe Jike wa Kupelekwa Dar

Lupiro,
Mei 1996

Baba Yunis,

Nakuandikia nikiwa juu ya dungu, nalinda mpunga. Mama hajambo, ila jino bado linamsumbua. Nilimsomea barua yako, kwamba hapo kazini kwako kwenye bustani ya wanyama daktari humkagua kiboko meno kila wiki. Akasema, "Muulize kama wanapokea na wazee." Kiboko wa huku hajakaguliwa na mtu, na juzi amekula nusu ya shamba letu.

Umeandika pia kwamba sheshe wenu dume, swala wa bonde letu hili, amekonda kwa upweke, hata daktari akaagiza aletewe jike. Kumbe mnajua! Mimi nalala peke yangu msimu wa pili huu. Yunis huiamkia picha yako ukutani, "Shikamoo baba," na haijaitikia marahaba hata moja.

Jike ameshapatikana. Gari linaondoka Ifakara Alhamisi. Nimeongea na dereva: sheshe nyuma, mimi, Yunis na mama mbele. Andaa majani ya mgeni mmoja na wali wa wageni watatu.

Mkeo, niliyekonda kuliko sheshe,
Mama Yunis