Nani Alimfunga Ng'washi

Somanda, Bariadi
Jumatatu

Kaka Shigela,

"Sera ya elimu ya juu haina kasoro; watoto wa kwetu wanakwamishwa na uchawi wa kwao." Ndivyo ulivyoandika juzi kwenye kundi la ukoo, ukiwa Dodoma kwenye kiti chako cha kamati ya udahili wa vyuo. Mwangaluka, kaka. Naamini mguu wa wifi Generoza umepona na watoto wanaendelea na shule. Huku tunapumua, mvua imegoma na pamba imedumaa. Salamu zimeisha. Sasa nikujibu, maana umeandika upuuzi.

Ng'washi wa kaka yetu Mayige alifaulu kidato cha sita kwenye shule ambayo maabara yake ni kabati lenye kufuli. Alikuja kwangu kutoka Kiloleli kuomba vyuo kwa mtandao, kwa sababu kwao simu ni moja na inatembea na Mayige minadani. Mwenye steshenari alipomuuliza namba ya simu, alitaja yangu. Vyuo viwili vikamchagua kusomea udaktari. Utaratibu wenu unaujua: anayechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutumiwa namba ya kuthibitisha, asipoiingiza kabla ya siku ya mwisho nafasi yake inapotea. Siku ikapita, nafasi ikapotea.

Majirani walimcheka. Mmoja alimsimamisha kisimani akamwambia, daktari, kuku wangu anakohoa, hebu mpime. Mayige akaenda kwa mganga, na mganga akasema yupo mzee wa humo humo nyumbani aliyemfunga mtoto nyota. Mzee wa humo ni mmoja tu, kaka: mama yetu Nyanjige, mwenye macho mekundu kwa miaka sitini ya moshi wa kuni. Ng'washi, aliyelelewa mgongoni mwake, akakataa hata kikombe cha maji kutoka mkononi mwa bibi yake. Mayige akalitupa blanketi la mama uani mchana kweupe. Nilipokwenda kumtetea aliniita profesa wa magazetini, kwa sababu ya makala ninazoandika, akasema nikamwandike mama gazetini apate pa kulala.

Sasa mama yuko Malampaka kwa binamu yetu Luhende, analala kwenye stoo ya mahindi. Nilimtembelea jana. Hakulalamika. Aliniuliza kitu kimoja tu: kama mtu anaweza kuroga akiwa usingizini, bila mwenyewe kujua. Ameanza kujishuku, kaka. Akasema kama ni yeye, basi mkutano wa kijiji ulioitishwa Jumamosi hii kumjadili umfukuze moja kwa moja, ili mtoto asome.

Nisikilize. Namba ile iliingia kwenye simu yangu zikiwa zimebaki siku tisa. Niliisoma nikinywa chai. Ng'washi alipiga mara tatu kwa simu ya jirani kuniuliza, na mara zote nilimjibu hakijaingia kitu. Nilikuwa naandika makala ya kuwasuta ninyi wa kamati, kwamba utaratibu wenu umetungwa na watu wanaodhani kila mtoto ana simu mfukoni. Makala ilikuwa na hoja, haikuwa na mtu wa kutolea mfano. Nikamwacha Ng'washi awe mtu huyo, nikijiambia mwakani ataomba tena. Makala ilisifiwa. Nilialikwa Mwanza kuisoma, wakanipigia makofi. Na hoja yangu bado ni ya kweli: utaratibu unaoweka maisha ya mtoto kwenye simu ya mtu mmoja ni utaratibu mbovu. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Luhende anakusalimu. Wifi na watoto uwasalimie, kama utataka bado kulitaja jina langu kwako. Mama hajui kwamba nakuandikia.

Panda basi Ijumaa. Mayige hataniamini mimi. Atasema najitwika kosa ili nimwokoe mama. Wewe ni mkubwa wetu, atakusikiliza. Simama mkutanoni Kiloleli uisome barua hii kwa sauti, Ng'washi akiwa amekaa mbele. Nitakuwepo na simu, ujumbe sijaufuta. Ukirudi Dodoma, wasomee na wenzako wa kamati, mpaka mwisho. Msiruke aya hata moja, wala jina la aliyeiandika.

Mdogo wako,
Evalina