Adhana ya Baba Ufukweni

Schaerbeek, Brussels
12 Julai 2011

Kaka yangu Abeid,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi na watoto wote hapo Buyenzi, na goti lako liwe limeacha kukusumbua. Sisi hatujambo. Mume wangu Chande anakusalimu, na Yasmina wetu anauliza kama yule mbuzi wake bado yupo. Hilo mjibu mwenyewe, mimi simo.

Juma lililopita tulikwenda likizo kwa karavani, kama Wabelgiji. Usicheke. Rigobert, jirani yetu Mkongo, alituazima ya kwake, akasema ni nyumba tu ila inatembea. Basi nikaipakia kama tunahama: jiko la mkaa, mkeka, sufuria kubwa ya pilau kwa wageni watakaopita. Wageni gani? Tulikoegesha, ng'ambo kidogo ya mpaka wa Ufaransa, palikuwa na shamba la viazi, vilima vya mchanga na bahari, basi. Hakuna hoteli wala duka. Hata choo tuliomba kwa mkulima.

Sasa nije kwa Baba. Tangu uanze kusema arudi kwako nimekuwa mkali, unajua. Nilishikilia kwamba hapa ana daktari, ana mjukuu. Ulipouliza mbona kwenye simu haongei, nikasema ni koo. Kweli tulimpeleka, na daktari hakuona kitu. Muadhini aliyeamsha Buyenzi nzima, sasa ananong'ona. Nami ndiye niliyemwomba ashushe sauti alipofika, maana dada Régine wa upande wa pili wa ukuta anafanya kazi za usiku hospitalini Jette, na mchana ndio usingizi wake.

Siku moja adhuhuri ilitukuta ufukweni. Baba alitawadha kwa maji ya bahari, akatazama kulia na kushoto, kisha akaniuliza kama kuna mtu aliyelala. Nikacheka, nikamwambia hakuna. Akaweka vidole masikioni, akaadhini.

Kaka, ilikuwa ile ile. Chande aliacha kupepea moto. Yasmina alinishika gauni akaniuliza kama huyo ni babu kweli. Mzee mmoja Mfaransa aliyekuwa akitembeza mbwa alisimama, nikajua atalalamika. Alivua kofia, akangoja mpaka mwisho. Chande akamkaribisha, naye akakaa mkekani na kula sahani mbili za pilau. Sufuria yangu ilipata mgeni wake.

Baadaye nilimuuliza Baba sauti ilikuwa wapi siku zote hizi. Akanijibu taratibu, "Haikupotea, Hidaya. Ilikosa pa kwenda."

Nililia pale pale mchangani, na yeye akaendelea kula, ana furaha kama mtoto wa Idi.

Basi nikuambie: umeshinda. Chande ameshakata tiketi, Baba atakuwa kwako kabla ya Ramadhani. Nyumba itakuwa tupu na nitaumia, sikufichi, tayari naumia. Lakini nimemsikia, na siwezi tena kumwambia anong'one. Chai yake iwe ya moto sana, ikipoa hainywi.

Msalimie wifi, wabusu watoto, wape majirani salamu zetu. Ila msikitini usiseme neno. Alfajiri yake ya kwanza, fungua dirisha tu, uwaache waamke.

Ni mimi dada yako,
Hidaya