Nilizima Wifi Mama Mkwe Akiwa Dirishani

Mpendwa Bi Stumai, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumatatu, maana Jumatatu asubuhi mama mkwe wangu anapanda basi kurudi Sekenke, na akipanda hilo basi mimi ndiye nitakuwa nimempandisha, ingawa hakuna anayejua isipokuwa mimi na sasa wewe.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tisa, naishi Singida mjini na mke wangu Selina na binti yetu Witness, na tangu mwezi wa tatu tunaye mama yake Selina aliyekuja kutibiwa macho. Jicho la kulia walishamtoa mtoto wa jicho na sasa anaona vizuri, la kushoto anafanyiwa Jumanne hii inayokuja. Analala chumba cha uani, na naomba usidhani tumemtupa huko, ila kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawakai sebule moja wala hawali pamoja, mkikutana njiani mmoja anapisha, na yeye mila anazishika kuliko hata babu zangu, nikitokea mlango wa nyuma anajifunika kanga na kugeukia ukuta, na shikamoo yangu anaiitikia akiwa anautazama huohuo ukuta.

Sasa shida yenyewe ni wifi. Nyumba yetu iko chini ya mawe makubwa, mtandao wa simu unashika kwa kubahatisha, kwa hiyo tulifunga intaneti ya nyumbani na ruta ipo sebuleni, lakini nguvu yake inaishia jikoni, ukitoka jikoni kwenda uani hakuna kitu. Na mama ana mtoto wake wa mwisho, Nathan, anafanya kazi kwenye meli ya mizigo nje ya nchi, mwaka wa sita huu hajarudi, na miezi hii meli yao iko bandarini inatengenezwa, kila Jumapili saa tisa alasiri wanaruhusiwa kushuka na yeye anampigia mama kwa video. Siku ya kwanza mama kumwona kwa hilo jicho jipya alilia, akamwambia, "Nathan, kumbe una ndevu!"

Jumapili saa tisa Selina na Witness wako kwaya, mimi niko sebuleni, na mama hawezi kuingia nilipo, hata jikoni hawezi kukaa kwa sababu panatazamana na sebule, basi anakuja kusimama nje ya dirisha la sebule ndiyo aipate wifi. Bi Stumai, sitaki kujitetea, lakini jiweke kwenye nafasi yangu, nafanya kazi siku sita, Jumapili nataka nikae na fulana niangalie mpira, nipige kelele goli likiingia, halafu pale kwenye pazia kuna kivuli cha mama mkwe, hata kukohoa naogopa.

Nilianza na njia ya halali. Nilinunua kile kifaa cha kuongezea wifi, kinachochomekwa kwenye soketi, nikampa Selina akakichomeke chumbani kwa mama kwa sababu mimi siwezi kuingia humo, kikawaka taa nyekundu, akakihamishia ukuta wa pili, nyekundu tena, mimi nimesimama mlango wa jiko naelekeza kwa sauti, "Sogeza kushoto! Hapana, kushoto kwako!" na mama wa watu akakimbilia kwa jirani kwa aibu. Nikaona tunamsumbua, nikakifungia kabatini.

Jumapili iliyofuata nikazima ruta. Nilijiambia ni mara moja tu, lakini niliona raha ilivyokuwa, mama alisimama kidogo akarudi chumbani, nami nikashangilia nitakavyo, na Jumapili ya pili nikazima tena. Ya tatu sitaisahau. Jua lilikuwa kali, akainua simu, akaishusha, akaifuta kwa kanga, akaiinua tena, na kivuli chake kilikaa kwenye pazia kipindi kizima cha kwanza. Timu yangu ilifunga na sikushangilia. Wala sikuinuka kuiwasha ruta, hilo ndilo linalonitesa.

Kesho yake akafunga mzigo wake, akamwambia Selina, "Nathan amenichoka. Nirudisheni nyumbani nikavune alizeti yangu." Selina akamuuliza, "Mama, na upasuaji wa Jumanne?" Akajibu, "Jicho moja linanitosha. La pili la kumwona nani?"

Nathan naye alimwandikia Selina kwamba anapiga kila Jumapili na mama hapatikani, na Jumapili hii ndiyo ya mwisho, baada ya hapo wanaondoka. Selina alimweleza mama, mama akasema, "Unanifariji tu, mwanangu." Selina akaniuliza, "Baba Witness, hivi wifi ina nini siku za Jumapili?" Nikamjibu, "Mambo ya mtandao hayo."

Sasa nimekwama. Nikisema ukweli, kosa la mkwe kwa mama mkwe kwetu linapelekwa na mshenga, na mshenga wetu, Mzee Kefa, akishajua yeye basi Sekenke nzima imejua. Nikinyamaza, mama anaondoka na jicho moja. Naogopa kote kote. Je, siwezi kuacha tu mtandao ubebe lawama?

Mkwe wa Watu, Singida mjini

*

Mkwe wa Watu, marahaba.

Hapana, huwezi. Mtandao haukuzima, wewe ulizima.

Nimekuhurumia kidogo, nisikufiche. Nimeolewa Manyoni miaka thelathini, najua nyumba yenye mkwe inavyobana pumzi, na mwanaume kukaa na fulana kwake si dhambi. Lakini baba, saa tisa ya Jumapili ungeweza kutoka! Hapo mtaani hakuna jirani mwenye televisheni? Mama wa miaka yake amesimama juani siku zote hizo, hakugonga dirisha, hakutuma mtu, hakumlalamikia binti yake kwamba mumeo ananinyima nafasi. Alikuwa anakuheshimu. Wewe ukaitumia heshima yake kumnyima mtoto wake, ukijua kabisa hawezi kuingia ndani akaona taa ya ruta imezimwa. Hapo ndipo umeniudhi.

Haya, gazeti hili linatoka Jumamosi, kwa hiyo una leo na kesho. Nisikilize vizuri.

Leo hii, kabla hujamaliza kusoma habari za michezo, mwite Selina mkae wawili. Usianze na uchovu wa kazi wala na mpira. Mwambie, "Nathan alipiga. Nilizima mimi, Jumapili tatu." Atakasirika, na ana haki, na inawezekana usiku ukalala kwenye kochi hilohilo ulilokuwa unalipigania. Lala. Ila akishamaliza kukusema, aende uani ampelekee mama maneno hayo kama yalivyo. Mama hakuamini faraja ya binti yake, lakini kosa la mkwe wake ataliamini, kwa sababu hakuna mwanaume anayejisingizia aibu ya namna hiyo.

Kuhusu hicho kifaa chako cha kabatini, hakina ubovu wowote, mkosefu ni wewe. Nimemuuliza fundi wetu hapa ofisini akacheka mpaka akakaa. Kifaa kile hakitengenezi wifi, kinaidaka na kuisogeza mbele, sasa ukikipeleka mahali ambapo haifiki kabisa, kitadaka nini? Kinakaa katikati ya safari. Na katikati ya sebule yako na uani ni wapi? Jikoni, palepale uliposimama ukipiga kelele za kushoto na kulia! Kichomeke kwenye soketi ya jikoni, upande wa uani, juu ya meza na mbali na moshi, kisiwe nyuma ya friji wala ya sufuria. Fundi anasema ruta nayo itoe nyuma ya televisheni, kama ipo huko, uiweke juu. Kesho asubuhi mama akiwa kanisani na Selina, nenda na simu yako mpaka nje ya mlango wa chumba chake, usiingie, ujaribu kumpigia mtu kwa video. Ikikatakata, sogeza kifaa soketi nyingine, ujaribu tena. Usiache mpaka picha itulie. Halafu weka kiti hapo kivulini, mtu hawezi kuongea na mwanawe amesimama kama anasubiri zamu kisimani.

Selina kesho asiende kwaya. Kwaya haitakufa. Akae uani na mama, amuonyeshe jinsi ya kupokea, maana jina la wifi huenda likabadilika kwenye simu na mama akakwama kwa kitu kidogo.

Sasa Mzee Kefa, unayemuogopa kuliko Mungu. Utamwita, wiki ijayo, baada ya upasuaji, apeleke msamaha wako kwa utaratibu wenu na ulete kile utakachoambiwa ulete. Sekenke watasema. Waache waseme. Watasema mwezi mmoja, watahamia kwa mkwe mwingine. Ukificha, itakuja kujulikana mama akiwa kijijini na jicho lililobaki gizani, na hapo maneno yao hutayaweza.

Kwenye swichi ya ruta bandika karatasi, uandike kwa mkono wako: USIZIME. Witness akiuliza ni nani aliyekuwa anazima, mjibu.

Na kesho saa tisa kasoro wewe toka. Panda huko kwenye mawe yenu na redio yako, shangilia mpaka sauti ikauke. Ukirudi usianze kumuuliza Selina kama wifi ilifika uani. Muulize kama mama amefungua mzigo wake.