Presha ya Siku ya Kliniki

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, na tafadhali usinicheke kabla sijamaliza. Mimi ni mama, fundi cherehani, nina miaka sitini na tisa, na mwaka jana nesi wa kliniki yetu alianza kutufundisha sisi wazee wenye presha kulegeza mwili, unakaa, unavuta pumzi taratibu, unakaza ngumi halafu unaachia, mabega hivyo hivyo, mpaka vidole vya miguu, tukaambiwa tufanye kila siku, lakini mimi nyumbani nina nguo za watu na nina mkwe, mke wa mwanangu, anayekata karatasi kwa mkasi wangu wa kitambaa mpaka unakuwa butu, sasa nitalegea saa ngapi? Basi nikawa nafanya siku ya kliniki tu, robo saa nzima kwenye benchi la korido kabla sijapimwa, na presha inashuka kweli, nesi akafurahi, wenzangu wakanipigia makofi, daktari akanipunguzia dawa nusu, na Jumanne ijayo nimepangiwa kuwaongoza wenzangu. Ila juzi kichwa kiliniuma, mkwe akanipima kwa mashine yake ikasoma mia moja sabini na nane, nikamwambia mashine yako mbovu, akapima tena, ikasoma vile vile, na nikisema ukweli nitaonekana tapeli mbele ya watu walionipigia makofi. Nifanyeje?

Fundi wa Benchi la Korido

*

Shikamoo, mama. Nimecheka kabla hujamaliza, nisamehe, ila nilipofika kwenye dawa nikaacha.

Zoezi halikukudanganya. Ukitulia, moyo unapunguza mbio na mishipa inalegea, hata kwa mtu wa umri wako. Lakini ukirudi nyumbani ukakuta vipande vya karatasi kwenye mkasi, presha inapanda tena, na huko ndiko unakoishi. Umepiga pasi kola ukaacha shati, na daktari ameonyeshwa kola tu.

Halafu unasingizia mashine! Mkwe wako ndiye mtu pekee aliyeiona presha yako halisi. Mnunulie mkasi wake wa karatasi, yaishe.

Usingoje Jumanne. Ukimaliza kusoma hapa, chukua mkoba uende kliniki na namba za nyumbani, umwambie daktari kila kitu. Dawa usijiongezee mwenyewe. Zoezi lifanye kila asubuhi kabla hujagusa cherehani, na mkwe akupime, aandike.

Na Jumanne usikimbie, waongoze. Anza kwa kuwauliza wenzako nani hufanya zoezi siku ya kliniki tu. Nyoosha mkono wako kwanza, kisha tazama itakavyonyooshwa mingine.